Yai la chumvi ndani ya keki ya mwezi: bosi alikuwa anasema nini?

Swali: Mimi ni mhasibu katika kampuni ya ujenzi ya Wachina hapa Dar es Salaam. Wiki mbili zilizopita meneja wetu aligawa maboksi mekundu, kila mfanyakazi la kwake. Ndani mna keki nne za mviringo, nzito kama jiwe, juu zimechorwa maandishi. Nilipong'ata moja nikakutana na donge la rangi ya chungwa, kavu na lenye chumvi. Mume wangu anasema hilo ni yai lililooza. Mama mkwe anahofia nguruwe. Zilizobaki nimezitia kwenye friji. Ni keki gani hizi, zina maana gani kwao, tunaweza kuzila, na nimrudishie nini meneja? Mwenzangu ofisini anasema kila sikukuu ya Kichina ina keki yake. Ni kweli?

Jibu:

Dada yangu, yai halijaoza. Nalitanguliza hilo ili mzee wa nyumba apumue. Ulichokutana nacho ni kiini cha yai la bata lililolala kwenye chumvi karibu mwezi mzima, na kimewekwa humo kwa makusudi. Ndicho kinachoipandisha keki bei. Yenye viini viwili ni ghali kuliko yenye kimoja, kwa hiyo kama ulihesabu viwili, meneja wako hakubania.

Mimi ni mpishi wa keki. Niliishi Guangzhou miaka sita, na misimu mitatu nilifanya kazi kwenye jiko dogo la familia moja lililokuwa likioka keki hizi kuanzia Julai hadi siku yenyewe. Nimepanga viini hivyo kwenye trei kwa maelfu. Kwa hiyo nitakujibu kifundi, na pale penye dini nitakueleza kilichomo ndani tu, hukumu mkaulizie kwa anayejua.

Jina lake ni yuebing. Yue ni mwezi, bing ni kitu cha unga kilicho bapa na cha mviringo. Sisi tunaiita keki ya mwezi, lakini haina hamira wala haiumuki. Ukitafuta ndugu yake upande wetu, iko karibu zaidi na haluwa iliyovikwa shuka jembamba la unga.

Siku yake ni tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya Kichina, sikukuu iitwayo Zhongqiu, katikati ya majira yao ya mavuno. Ninyi mnaohesabu miezi kwa mwandamo hamhitaji kuelezwa kwamba tarehe 15 ni usiku wa mwezi mpevu. Tofauti ni kwamba wao kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mmoja wa ziada ili kalenda isiachane na msimu. Ndiyo maana Idi zetu huzunguka mwaka mzima, na Zhongqiu haitoki nje ya Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Mwaka 2025 iliangukia Oktoba 6, na mwaka 2026 ni Septemba 25.

Sasa maana. Wachina wana neno tuanyuan, yaani watu wa nyumba moja kukutana wote wakawa kamili, kama duara lisilo na pengo. Mwezi wa siku hiyo ni mviringo, keki ni mviringo, na kile kiini chako cha chumvi ni mwezi wenyewe, umezama ndani ya keki ukisubiri kisu. Hii si tafsiri ya watu wa utalii: maandishi ya Hangzhou ya karne ya 16 tayari yanasema kwamba siku ya Zhongqiu watu hupelekeana keki za mwezi kwa maana hiyohiyo ya kukutana.

Ndiyo maana nilicheka kidogo uliposema ulizing'ata. Keki ya mwezi haing'atwi, hukatwa. Msimu wangu wa kwanza, usiku wa sikukuu, mwenye jiko alinialika juu ya paa la nyumba yao. Kulikuwa na meza ya kukunja, birika la chai, furungu lililomenywa (lile chungwa kubwa kama mpira, ambalo nalo halikosi siku hiyo) na keki moja tu. Moja, na nyumba hiyo ilikuwa imeoka maelfu! Bibi mzaa baba alichukua kisu kidogo cha matunda, akakipangusa, akaikata keki katikati kwanza ili kiini kionekane nusu huku nusu huku, kisha akazidi kugawa mpaka vipande vinane. Sisi tulikuwa saba. Kipande cha nane aliweka kwenye kisahani na hakuna aliyekigusa. Nilidhani ni adabu ya kumwachia mgeni, nikanyoosha mkono, na mtoto wa miaka kama sita akanizuia: hicho ni cha kaka. Kaka alikuwa masomoni Beijing. Asubuhi kisahani kilikuwa bado pale, kipande kimekauka kingo, na bibi akampigia simu mjukuu kumwambia kwamba amekula.

Nimekusimulia hivyo kwa sababu ukisoma maelezo mengi ya keki hii utaambiwa habari za umbo na rangi na bahati, na zote ni kweli. Lakini jikoni kwetu hakuna aliyezungumzia bahati. Walizungumzia nani anakuja na nani hakupata tiketi ya treni. Keki ni hesabu ya watu, na meneja wako aliyekuwa mbali na kwao usiku ule, akigawa maboksi kwa wahasibu na madereva, alikuwa akiwahesabu ninyi.

Nikuoneshe basi inavyotengenezwa, kwa sababu wasiwasi wa mama mkwe uko humo humo.

Boksi jekundu lenye keki nne nzito, zenye ngozi ya kahawia inayong'aa na maandishi yaliyoinuka juu, karibu hakika ni za mtindo wa Guangdong, kusini mwa China. Ngozi yake ina vitu vinne tu: unga wa ngano, shira, mafuta ya karanga na maji ya magadi. Shira yao ni ileile ya kaimati, sukari na maji na ndimu ili isigande, ila wao huipika kwa moto mdogo hadi iwe nyekundu kama asali kisha huiacha ikae wiki kadhaa kabla ya kuitumia. Kwa kila gramu 100 za unga huenda gramu 70 hadi 75 za shira na 25 za mafuta. Maji ya magadi ni kama kijiko kidogo tu. Kazi yake ni kuua ule ukali wa ndimu na kuifanya ngozi ikolee rangi. Yakizidi, keki inakuwa nyeusi na kuacha ladha ya sabuni mdomoni. Mpishi yeyote wa pwani aliyewahi kuzidisha magadi kwenye mboga anajua ninachosema.

Ndani ni uji mzito wa mbegu za yungiyungi. Mbegu huloweshwa, hupasuliwa ili kutoa kijichipukizi cha kijani kilicho katikati (kichungu mno, hufaa kuchemshwa kama dawa), kisha huchemshwa, husagwa, na kurudishwa kwenye karai pamoja na sukari na mafuta. Hapo ni kukoroga na kukoroga. Ukiwahi kuona haluwa ikipikwa Zanzibar, mzee kasimama na upawa mrefu, jasho linamtoka, ndicho kitu kilekile: unakoroga mpaka donge liache karai lenyewe. Nyumba yenye haraka huchanganya maharage meupe ili kupunguza gharama. Ulimi uliozoea hutambua mara moja, maana ya mbegu halisi ina harufu nyepesi ya majani na hailemei koo.

Kisha unapima. Ngozi ni sehemu tatu, vilivyomo ni sehemu saba. Mafundi wazuri hufikia mbili kwa nane, na hapo ngozi ni nyembamba kiasi kwamba mwanafunzi hubana pumzi akiifunga. Donge linaviringishwa, linatiwa kwenye kalibu ya mbao iliyochongwa maua na maandishi, linabanwa kwa kiganja, halafu kalibu inapigwa ukingoni mwa meza: upande mmoja, upande wa pili, kisha unaigeuza na kupiga kichwa chake, keki inadondokea mkononi. Ko, ko, ko. Mtaa mzima unajua msimu umeingia kwa mlio huo. Siku hizi kalibu za plastiki za kusukuma zimeenea na hakuna anayepiga meza, ila nyumba ile walikuwa na moja ya zamani, ya babu, iliyolowa mafuta hadi ikawa nyeusi, na waliitumia kwa keki za nyumbani tu.

Keki ikitoka kwenye oveni ni kavu na ngumu, ukiila utalalamika. Lazima ikae siku mbili tatu ili mafuta ya ndani yapande hadi kwenye ngozi na kuilainisha na kuing'arisha. Wanaita huiyou, mafuta kurudi. Na hapo ndipo nakusihi uzitoe kwenye friji, kwa kuwa baridi inaifanya ngozi iwe ngumu tena na kuiharibu kazi yote hiyo. Kama kila keki bado imo kwenye pakiti yake, iache mahali penye ubaridi wa kawaida pasipo jua, na uheshimu tarehe iliyoandikwa. Iliyokatwa ndiyo ya kwenda friji, na iliwe ndani ya siku chache. Zipo keki nyingine za mwezi nyeupe, laini, za unga wa mchele wa kunata, mtindo ulioanzia Hong Kong, ambazo haziokwi kabisa na ni lazima zikae kwenye baridi. Lakini wewe umesema nzito kama jiwe, basi si hizo.

Tuje kwa nguruwe.

Hofu ya mama mkwe ina msingi, asipuuzwe. Ngozi ya Guangdong kwa kawaida ni mafuta ya karanga, lakini hakuna kinachomzuia mwokaji kutia mafuta ya nguruwe kwenye vilivyomo ili viwe laini. Aina iitwayo wuren, ya karanga na mbegu za aina tano, kwa kawaida ya kale ina mafuta ya nguruwe yaliyopikwa na sukari, na mara nyingi vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa. Ukitoka Guangdong mambo yanazidi: keki za Suzhou zina ngozi ya matabaka kama chapati ya kusukuma, na tabaka hizo hutenganishwa kwa mafuta ya nguruwe, tena zipo zinazojazwa nyama yenyewe na kuliwa moto mchana wa jua. Yunnan wana za paja la nguruwe na asali. Beijing wana jozi ya kupendeza kwa mfano wetu: ile nyekundu, zilaihong, ni ya mafuta ya ufuta, na nyeupe, zilaibai, kwa desturi ni ya mafuta ya nguruwe. Dada mmoja halali, dada mwingine la.

Kwa hiyo usikisie kwa macho. Geuza boksi, tafuta orodha ya vilivyomo, na ulinganishe herufi hizi hata kama husomi Kichina. 猪油 ni mafuta ya nguruwe. 猪肉 ni nyama yake. 火腿 ni paja lililokaushwa. 清真, mara nyingi ikiwa na rangi ya kijani, ni alama ya halali, kwa maana Waislamu wa China, hasa Wahui, wana waokaji wao na keki zao za mwezi ni nzuri sana. Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui nami sitalificha: viini vya mayai ya chumvi mara nyingi hunyunyiziwa pombe kali kabla ya kuokwa ili kuondoa shombo. Hata keki isiyo na nguruwe inaweza kuwa imepitia hapo. Tafuta 酒, ambayo ni pombe. Mkiona mojawapo ya herufi hizo, au boksi halina orodha, mpeni jirani asiye na kizuizi, na kile ulichokwisha ng'ata bila kujua kaulize msikitini.

Kama ni safi, kateni vipande vinane. Keki kubwa ya namna hiyo huwa na gramu 180 hivi na kalori kama 700 au 800, karibu mlo mzima wa mtu. Kula moja nzima peke yako si dhambi, ila jioni utajuta. Chai yake ni ya rangi, chungu, bila sukari hata chembe. Hapo ndipo utaelewa lile yai: utamu ukianza kukulemea, chumvi inaingia na kukata.

Hadithi za sikukuu nitazipitia haraka kwa sababu utazisikia kila mahali. Iliyo nzuri ni ya Chang'e. Mumewe, Hou Yi, alikuwa mpiga mishale aliyedungua majua tisa kati ya kumi yaliyokuwa yakiichoma dunia, akazawadiwa dawa ya kutokufa. Mke akainywa. Wengine husema kwa tamaa, wengine husema ili mwizi asiipate, inategemea nani anasimulia na kama mkewe yupo karibu. Akawa mwepesi, akapaa hadi mwezini, na huko anakaa na sungura anayetwanga dawa kwenye kinu. Sikukuu ya kukutana, basi, kiini chake ni wanandoa waliotengana daima. Wachina hawajamsahau: Januari 2019 chombo chao kiitwacho Chang'e kilitua upande wa mwezi tusiouona kutoka huku, na kigari kilichoshuka humo kinaitwa Yutu, sungura wa jade.

Hadithi ya pili ni ya barua zilizofichwa ndani ya keki ili watu wainuke siku moja dhidi ya watawala wa Kimongolia. Utawala huo wa Yuan uliangushwa kweli, na Zhu Yuanzhang akaanzisha dola ya Ming mwaka 1368. Barua ndani ya keki ni ngano iliyoshonewa baadaye. Nilijaribu kumwambia hivyo mwenye jiko, akanijibu kwamba keki zinauzika vizuri zaidi zikiwa na barua.

Mwenzako wa ofisini yuko sahihi: mwaka wa Kichina unaweza kuusoma kwa mdomo. Lakini zingatia kwamba nyingi ya keki hizo hazina uhusiano na oveni. Jiko la asili la Kichina ni la mvuke, la karai na la mafuta, kama letu. Kitu kingine ni kwamba maana zake nyingi hazimo kwenye ladha, zimo kwenye sauti ya jina. Kichina kina maneno mengi yanayosikika sawa huku yakiandikwa tofauti, na Wachina huchezea sauti hizo kama washairi wetu wachezeavyo vina.

Chukua niangao ya mwaka mpya. Nian ni mwaka. Gao ni keki ya mvuke, lakini neno jingine linalotamkwa vilevile ni juu. Ukila niangao umesema bila kusema: mwaka huu tupande kuliko wa jana, mshahara upande, watoto waongezeke kimo. Ya Guangdong hutengenezwa kwa unga wa mchele wa kunata na sukari ya kahawia inayofanana na sukari guru yetu, inachomwa mvuke kwa saa kadhaa hadi iwe kama mpira mweusi, kisha hukatwa vipande, huchovywa kwenye yai na kukaangwa. Nje inakauka, ndani inavutika kama ulimbo. Kwa heshima zote, hiyo ndiyo tamu kuliko keki ya mwezi, na kama ungepewa hiyo usingeniandikia. Neno gao hilohilo linarudi tarehe 9 ya mwezi wa tisa, siku ya Chongyang, ambapo desturi ni kupanda mlima. Mzee asiyeweza kupanda hula keki, maana naye amekwenda "juu". Keki hiyo huchomekwa vibendera vidogo vya karatasi.

Wiki moja kabla ya mwaka mpya kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Katika nyumba za kale, juu ya jiko hubandikwa picha ya mungu wa jiko. Yeye amekaa hapo mwaka mzima, amesikia kila ugomvi, ameona nani alimnyima mkwewe nyama. Tarehe 23 ya mwezi wa mwisho, au 24 kwa watu wa kusini, hupanda mbinguni kutoa ripoti kwa Mfalme wa Jade. Basi nyumba humpa peremende ya sukari ya kimea, inayonata vibaya sana. Wengine huipaka mdomoni mwa picha yenyewe. Ama atasema matamu tu, ama midomo itagandana asiseme lolote. Kisha picha huchomwa aende zake. Rushwa ya peupe, na kila mtu anacheka.

Mwaka mpya una vitafunwa vingine vingi. Fagao, keki ndogo ya mvuke, lazima ipasuke juu kama ua, kwa kuwa fa ni kuumuka na pia ni fa ya kutajirika. Ikikataa kupasuka, mama mwenye nyumba hukasirika kimyakimya. Jiandui ni donge la unga wa mchele lililovingirishwa kwenye ufuta na kukaangwa likavimba likawa tupu ndani, na kuvimba huko ndiko kunakotafutwa. Guangdong wana pia vitu kama visambusa vitamu vya karanga, sukari na ufuta, ambavyo ningeweza kuviuza sokoni Kariakoo bila mtu kuuliza vimetoka wapi. Siku ya 15, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, huliwa vidonge vya mchele wa kunata kwenye maji yake ya moto, tangyuan, na sikiliza jina linavyokaribiana na lile la tuanyuan. Kaskazini wanaviita yuanxiao na havifinyangwi, hutikiswa kwenye ungo wenye unga hadi vikusanye ngozi, kama mtoto anavyoviringisha tope.

Mwanzoni mwa Aprili, siku ya kusafisha makaburi, watu wa Shanghai na jirani zake hula qingtuan, mipira ya kijani iliyokolezwa kwa maji ya majani ya jamii ya pakanga, ndani maharage mekundu matamu. Huliwa baridi, kwa sababu sikukuu hiyo ilimeza nyingine ya zamani ambayo ilikuwa marufuku kuwasha moto. Harufu yake ni ya nyasi iliyokatwa sasa hivi. Mwezi wa tano, tarehe 5, utaletewa kitu kilichofungwa kwenye majani: ni zongzi, mchele wa kunata uliofungwa pembe kwa majani ya mianzi au matete na kuchemshwa, ukumbusho wa Qu Yuan, afisa na mshairi wa dola ya Chu aliyejitosa mto Miluo mwaka 278 KK. Inasemekana watu walitupa mchele mtoni ili samaki wamwache. Mwaka 2026 ni Juni 19, na hapo tena angalia herufi, maana zongzi za kusini mara nyingi zina nyama ya nguruwe katikati. Siku hiyohiyo kuna vikeki vya choroko, vilivyosagwa laini kabisa na kubanwa kwenye kalibu. Choroko! Mama mkwe atavipenda, na nguruwe hatamtafuta humo, ila mafuta aulize.

Sasa zawadi ya kurudisha. Ujue kwanza kwamba boksi la keki za mwezi ni zawadi ya kikazi kule, kama kalenda na fulana za kampuni kwetu. Msimu ukifika maboksi yanazunguka: muuzaji kwa mteja, mteja kwa daktari, daktari kwa mwalimu wa mtoto, na nimewahi kuliona boksi likirudi kwa aliyelitoa. Ilifika mahali zikawekwa kwenye makasha ya thamani kuliko keki yenyewe, yakiambatana na divai au vito. Mwaka 2013 chombo cha nidhamu cha chama tawala kilipiga marufuku kununua keki za zawadi kwa fedha za umma. Mwaka 2022 serikali iliongeza: boksi lisizidi tabaka tatu za vifungashio, lisichanganywe na bidhaa nyingine, na linalozidi yuani 500 liangaliwe kwa karibu. Nakuambia haya usije ukadhani unadaiwa kitu kikubwa. Kwa meneja kumgawia kila mfanyakazi hakuna deni.

Lakini wewe unataka kurudisha, na ni tabia njema. Usimpe saa ya ukutani au ya mezani: kwa sauti yao, kumpa mtu saa ni sawa na kumsindikiza kaburini. Usimpe mapeari ya kugawana, kwani peari na kutengana vinatamkwa sawa. Usifunge kwa karatasi nyeupe wala nyeusi. Kilo ya korosho za Mtwara, kahawa ya Kagera au ya Kilimanjaro, au chupa ya asali ya Tabora, itamfurahisha kuliko kitu cha dukani. Mkabidhi kwa mikono miwili. Atakataa mara moja, pengine mara mbili, hiyo ni adabu, wewe sisitiza. Asipofungua mbele yako usihuzunike, huko kufungua mbele ya mtoaji ni kuonekana una pupa. Na ukitaka kumshangaza, mwambie Zhongqiu kuaile, tamka "jong-chiu kwaile", hata kama siku imepita.

Kama boksi lako ni la bati, meneja hatarajii lirudi. Ila najua kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, na mimi ndivyo nilivyofanya: nililijaza vileja nikawapelekea wale wenye jiko. Bibi alionja kimoja, akauliza mwezi wake ni upi. Nikamwambia ni wa Idi. Akakivunja katikati kuangalia kama kuna yai.